Kabla ya kukata tiketi ya treni, hesabu maji ya Nyamisati

Kibiti. Mtoto amepangiwa chuo Dodoma na anatakiwa kuripoti Jumatatu. Nyumbani ni kisiwani, ndani ya delta ya Rufiji. Jirani akisikia habari hizo, neno lake la kwanza kwa mama huwa hili: "Usihangaike na basi siku hizi. Mpandishe treni ya umeme, hata saa nne haziishi yuko Dodoma."

Jirani hakosei. Treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, zikafika Dodoma Julai 25 mwaka huohuo, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi huduma hiyo Agosti Mosi. Safari iliyokuwa ikila mchana mzima ndani ya basi sasa ni ya saa chache.

Ila jirani amehesabu kutoka stesheni hadi stesheni. Mama wa deltani anahesabu kutoka mlangoni kwake. Kwake yeye, kabla ya treni kuna mtumbwi au boti hadi Nyamisati, gari la kutoka Nyamisati hadi barabara kuu pale Bungu, basi hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha daladala au mwendokasi hadi katikati ya jiji. Na chombo cha kwanza katika mlolongo huo hakifuati saa ya ukutani. Kinafuata maji.

Hapo ndipo familia nyingi hupoteza fedha. Kijana aliyeko mjini anamkatia mama au mdogo wake tiketi kwa simu, anachagua treni ya saa inayompendeza yeye, na hakumbuki kuuliza siku hiyo maji ya deltani yatajaa saa ngapi. Tiketi inakuwa ya asubuhi, boti inashindwa kutoka hadi jioni.

Reli iliyopita mbali

Wilaya ya Kibiti haina hata mita moja ya reli. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, walitoka Dar es Salaam kuelekea magharibi. Wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kusini kulikuja kupata reli baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipojenga njia ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao mkubwa wa karanga. Karanga hazikustawi kama walivyotarajia, na reli hiyo ikafungwa mwaka 1962. Siku hizi ipo mipango ya reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, lakini nayo itaanzia mbali sana na Kibiti.

Kwa hiyo watu wa Rufiji wamekulia kwenye barabara na maji. Wenye umri wanakumbuka foleni ya kivuko cha Ndundu, mto ulipofurika na magari yakalala ng'ambo. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza adha hiyo kwa wasafiri wa Lindi na Mtwara. Kwa wakazi wa visiwani, wa Salale, Kiongoroni, Maparoni na Msala, mambo hayakubadilika sana. Kwao safari bado inaanzia kwenye mikoko.

Lipo jambo moja la kufikirisha. Treni ya SGR inatumia umeme wa gridi ya taifa, na ndani ya gridi hiyo sasa umo umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililojengwa juu ya mto huuhuu wa Rufiji. Maji yanayosaidia kuisukuma treni ya Dodoma ndiyo yanayoshuka hadi deltani, kwenye mitumbwi ya watu ambao stesheni ya karibu nao ipo Dar es Salaam.

Wenzetu wanasafirije?

Kabla ya kurudi Nyamisati, inafaa kuwatazama wenzetu wawili wenye treni za siku nyingi, kwa sababu wanatuonyesha kitu ambacho tangazo la kasi haliwezi kukionyesha.

Uingereza ndiko treni ya abiria ilikozaliwa. Njia ya Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa mwaka 1830. Nchi ni ndogo, miji imekaribiana, na njia za reli karibu zote ziko chini ya chombo kimoja cha umma. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, abiria wa Uingereza walifanya safari za treni takriban bilioni 1.7. Kutoka London hadi Edinburgh ni zaidi ya kilomita 600, na treni ya haraka huzimaliza kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Lakini abiria mwenye watoto hufurahia zaidi kwamba mchana kutwa treni za njia hiyo zinatoka moja baada ya nyingine. Ukichelewa hii, hukai sana kabla ya nyingine kuondoka.

Marekani ni habari tofauti. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walihamia kwenye magari na ndege, kampuni binafsi za reli zikaona abiria ni hasara, na Mei Mosi, 1971 shirika la Amtrak likaanzishwa kubeba mzigo huo. Nchi ina watu mara tano ya Uingereza, lakini katika mwaka wa fedha wa 2024 Amtrak ilibeba abiria milioni 32.8 tu, na hiyo ilikuwa rekodi yake. Hapo hazihesabiwi treni za mijini za kupeleka watu kazini.

Treni za Amtrak za masafa marefu ni nzuri kwa namna yake. Ile ya kutoka Chicago hadi karibu na San Francisco hukata zaidi ya kilomita 3,900 kwa muda unaozidi saa 50. Kuna vyumba vya kulala, behewa la chakula na madirisha makubwa ya kutazamia milima. Lakini inatoka mara moja kwa siku, na zipo treni nyingine za shirika hilo zinazotoka mara tatu tu kwa wiki. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya njia inazopita ni mali ya kampuni za treni za mizigo. Tangu mwaka 1973 sheria inaitaka treni ya abiria ipishwe kwanza. Mara nyingi ndiyo inayosimama pembeni kupisha mabehewa ya mizigo.

Mtu anaweza kusema Wamarekani hawajui treni. Si kweli. Kati ya Washington, New York na Boston, ambako Amtrak inamiliki sehemu kubwa ya njia yake, treni ni nyingi kila siku, na ya kasi kuliko zote hufika karibu kilomita 257 kwa saa. Watu wanazijaza. Nchi ni ileile na shirika ni lilelile. Tofauti ni nani mwenye njia na treni zinatoka mara ngapi kwa siku.

Sisi tunazo zote mbili

Tanzania haihitaji kwenda mbali kuiona tofauti hiyo. SGR inafanana na njia ya Uingereza: safari si ndefu sana, abiria amepewa kipaumbele, na kwa siku moja kuna treni zaidi ya moja kwenda Morogoro na Dodoma. Reli ni pana, milimita 1,435, na imesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa.

TAZARA inafanana na Marekani. Ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kazi yake kubwa tangu mwanzo ilikuwa kuipa Zambia njia ya kufikisha shaba baharini. Abiria na mizigo wanagawana njia moja. Kwa miaka mingi treni zake za masafa marefu kutoka Dar es Salaam zimekuwa mbili kwa wiki, na kuchelewa si jambo la kushangaza. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC wa kuikarabati na kuiendesha. Fedha za kuurudisha mtaji huo zitatoka zaidi kwenye mizigo, na ndiyo maana familia za Kilombero zinapaswa kuuliza mapema treni ya abiria itapewa nafasi gani.

Hata hivyo TAZARA ina raha yake kwa familia. Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne, la pili vitanda sita, na wanawake na wanaume hutenganishwa isipokuwa familia ikichukua chumba kizima. Mama mwenye watoto watatu anayekwenda kwa ndugu zake Ifakara, Mlimba au Mbeya anaweza kufunga mlango, kutandika khanga na kulaza watoto. Basi haliwezi kumpa hilo. Treni hiyo pia hupita ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na stesheni ya Fuga iliyoko huko ndiyo iliyopokea mizigo ya ujenzi wa bwawa.

Kwa abiria wa deltani, basi, swali la kwanza lisiwe treni ipi ina kasi. Liwe hili: nikiikosa, inayofuata ni lini? Ukikosa SGR ya asubuhi, huenda ukaondoka na ya baadaye siku hiyohiyo, ingawa tiketi inaweza kukupotea. Ukikosa TAZARA, unaweza kukaa Dar es Salaam siku tatu au nne unakula nauli.

Hesabu ya maji

Wazee wa deltani hawahitaji kufundishwa haya. Wanaohitaji ni vijana wanaokata tiketi wakiwa mjini.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku zinazofuata ni za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Ndani ya mifereji ya delta huchelewa kidogo, kadiri unavyoingia ndani. Saa 4 hiyo ya asubuhi ndipo utakapoona boti imekaa juu ya tope, na abiria kakunja suruali.

Wiki moja baadaye mambo hugeuka. Ni siku za maji mafu: kujaa kunakuwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na maji hayapwi sana, hivyo mifereji mingi hupitika kwa muda mrefu zaidi.

Sasa rudi kwa kijana anayeripoti Jumatatu. Kama wiki hiyo ni ya bamvua, boti itatoka na maji ya alfajiri. Akiondoka Jumamosi hiyo alfajiri na barabara ikiwa nzuri, mchana anaweza kuwa Mbagala, akalala, na Jumapili akapanda treni bila presha. Kama ni maji mafu, boti itatoka asubuhi jua likiwa juu, naye ataingia Dar es Salaam jioni. Huyu asikatiwe kabisa treni ya siku hiyo. Kwa vyovyote vile, anayetoka kisiwani akate tiketi ya siku inayofuata siku ya boti.

Wakati wa masika ongezeni siku nyingine. Mwaka 2024 Rufiji ilifurika vibaya, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani; barabara ya kusini ikakatika upande wa Kilwa. Boti zikisimamishwa kwa sababu ya upepo, msimlazimishe nahodha. Na mtoto asipande chombo bila jaketi okozi, hata kama safari ni fupi na mwenye boti ni mjomba wake.

Chumba cha kusubiria ni sebule ya shangazi

Uingereza, treni ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, tiketi yako ya safari nzima hukuruhusu kupanda inayofuata, na ucheleweshaji ukizidi muda uliowekwa unaweza kudai fidia. Marekani nako, ukikata safari nzima kwa Amtrak na treni yao ikakukosesha nyingine, wao ndio wenye jukumu la kukutafutia usafiri mwingine. Kwetu boti, gari la Bungu, basi la Mbagala na treni ni tiketi nne za watu wanne wasiojuana. Kimoja kikichelewa, hasara yote ni ya abiria.

Anayeibeba hasara hiyo kwa kweli ni ndugu. Mbagala na Temeke zimejaa nyumba za watu wa Rufiji, na sebule ya shangazi ndiyo chumba cha kusubiria cha abiria wa deltani. Haina bango, lakini bila hiyo wanafunzi wengi wasingefika vyuoni.

Kwa sababu hiyo itunzwe. Mpigie shangazi kabla ya kukata tiketi, si ukiwa umeshafika Rangi Tatu. Mwambie watu wangapi na usiku mangapi, maana naye ana watoto na ana chumba kimoja cha akiba, pengine hana. Mchele wa Rufiji kilo chache, nazi au samaki wakavu si malipo, ni heshima. Na kijana atakayelala hapo akiamka atandue alipolala, asikae akisubiri chai huku ameshika simu.

Nauli, watoto na mizigo

Nauli ya kawaida ya SGR iliyotangazwa na LATRA mwaka 2024 ilikuwa Sh13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Sh31,000 hadi Dodoma. Mtoto aliye chini ya miaka minne halipi, na wa miaka minne hadi 12 hulipa nusu. Uingereza mtoto hulipa nusu hadi miaka 15, na kuna kadi ya familia inayopunguza nauli ya mzazi na mtoto wanaposafiri pamoja. Amtrak nayo hutoza nusu kwa wenye miaka miwili hadi 12. Kwetu, kijana wa miaka 13 anayekwenda shule ya bweni ni mtu mzima mbele ya dirisha la tiketi. Mzazi aliweke hilo kwenye bajeti.

Andaeni kitambulisho cha kila msafiri, maana kinahitajika wakati wa kukata tiketi. Fikeni stesheni mapema, kwa sababu kuna ukaguzi na treni ya ratiba haimngoji mtu aliyesahau begi kwenye daladala. Ulizeni kwanza kuhusu mizigo. Basi la kusini limezoea kiroba cha mchele na ndoo ya kamba wakavu. Treni ya umeme ina masharti yake. Mizigo mizito ni afadhali itangulie kwa basi, kijana asafiri na begi lake na vyeti vyake, vyeti vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki tangu kwenye boti.

Kinachoweza kubadilika

Reli haitafika Kibiti kesho. Lakini familia za deltani hazihitaji kusubiri reli ili safari yao iwe nyepesi. Nyakati za kujaa na kupwa hujulikana mwaka mzima kabla ya mwaka kuanza. Boti za abiria zingeweza kutangaza ratiba ya mwezi mzima kwa kufuata maji, ikabandikwa gatini Nyamisati na kutumwa kwenye simu, na magari ya Bungu yakaifuata. Hakuna teknolojia mpya hapo. Kinachohitajika ni wenye boti, wenye magari na uongozi wa vijiji kukaa pamoja.

Mpaka hapo, hesabu ibaki nyumbani. Kijana wa mjini, kabla hujabonyeza kitufe cha kulipia tiketi, mpigie mama umuulize: "Shikamoo mama. Jumamosi maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama kitabu. Na mwisho wa muhula, mdogo wako anaporudi, muulize tena swali hilohilo. Kutoka Dodoma atafika Dar es Salaam kwa saa chache, lakini akifika Nyamisati maji yakiwa yamekupwa, atakaa gatini na begi lake akiitazama boti juu ya tope, na nyumbani chakula kitapoa.